Wazee wakirudi jukwaani, vijana wanakula wapi?

Swali hilo si langu. Ni la mpwa wangu, kijana wa miaka 22 anayetengeneza biti kwenye chumba cha uani hapa Isevya, Tabora. Chumba kina kompyuta kuukuu, magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na gitaa la umeme lenye nyuzi tano, maana ya sita ilikatika na bado hajapata nyingine. Julai 2025 alinijia na simu mkononi kunionesha uwanja wa Cardiff, Wales, umefurika watu wazima wanaolia kama watoto. Ndugu wawili, Liam na Noel Gallagher wa bendi ya Oasis, waliogombana Paris Agosti 2009 wakaachana palepale, walikuwa wamepanda jukwaani pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mpwa wangu anapenda roki. Ni mmoja wa vijana wachache hapa mjini watakaokwambia tofauti ya bendi moja ya Kiingereza na nyingine kwa kusikia gitaa tu. Nilitegemea afurahi. Badala yake akaniuliza: "Anko, hawa si wana hela tayari? Wamerudi kuchukua nini? Wazee wakirudi wote, sisi tunaoanza tunakula wapi?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba kipaji hakifichiki, jibu ambalo watu wazima huwapa vijana wanapotaka kwenda kulala. Usiku nikaona nimemdhulumu, kwa sababu swali lake lina mambo manne au matano yaliyofungwa kamba moja, na kila moja lina jibu lake. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Tuanze na neno lenyewe, "kurudi", maana hapo ndipo mabishano mengi ya vijiweni yanapopotelea. Kuna bendi ambayo haijawahi kuondoka. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Waimbaji wamekufa wakaingia wengine, lakini mlango haukufungwa. Hiyo haijarudi, ipo. Kuna waliorudi usiku mmoja tu: Led Zeppelin walipanda jukwaani London tarehe 10 Desemba 2007, mtoto wa mpiga dramu wao aliyefariki mwaka 1980 akiwa amekalia kiti cha baba yake. Maombi ya tiketi yaliripotiwa kufika milioni 20 kwa ukumbi wa watu wapatao 20,000, na baada ya usiku huo hawakufanya ziara. Kuna waliorudi bila kurudi: tangu Mei 2022 kundi la ABBA lina ukumbi wake London, wa watu 3,000, ambamo taswira za kompyuta zenye sura zao za ujanani "zinaimba" huku bendi ya watu hai ikipiga pembeni. Na mwaka 2023 Beatles walishika namba moja Uingereza kwa wimbo wenye sauti ya John Lennon, aliyeuawa mwaka 1980. Sauti hiyo ilichujwa kwa programu ya kompyuta kutoka kwenye kaseti aliyojirekodia nyumbani.

Kisha kuna kurudi kunakomuuma mpwa wangu: watu walewale, nyimbo zilezile, ziara ndefu, tiketi ghali. Hapo ndipo nitakapokaa.

Hesabu iliyowarudisha

Siwezi kusema wanamuziki wote wanarudi kwa ajili ya fedha. Watu waliopiga pamoja wakiwa na miaka 20 wana kitu kati yao kisichopatikana kwa mtu mwingine, na ukiwaona wakitazamana kabla ya kibwagizo unajua hawaigizi. Ila hesabu ndiyo iliyoufungua mlango.

Mpaka mwisho wa miaka ya 1990, bendi kubwa ya roki ilifanya ziara ili iuze santuri. Onesho lilikuwa tangazo, na fedha zenyewe zilikuwa dukani. Mwaka 1999 ikaja Napster, vijana wakaanza kupeana nyimbo bure kwenye intaneti, na mapato ya kuuza muziki uliorekodiwa duniani yakaporomoka kwa karibu miaka 15. Yalipoanza kupanda tena kwa njia ya kusikiliza mtandaoni, msanii akawa analipwa sehemu ndogo ya senti kila wimbo unapochezwa. Mambo yakageuka: wimbo ukawa tangazo, na onesho likawa ndiyo duka.

Kuna waliolinusa hili mapema. Eagles, waliovunjika mwaka 1980, walirudi mwaka 1994, na tiketi zao zikavuka dola 100, bei iliyowashtua watu wakati ule. Watu wakanunua. Sababu ni rahisi ukiitazama kwa umri: shabiki aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1976 alikuwa na miaka 35 mwaka 1994, ana mshahara, ana gari, na ana hamu ya kuwa na miaka 17 tena kwa saa mbili. Mapromota hawakuisahau hesabu hiyo. Ziara ya The Police ya 2007 na 2008 iliingiza zaidi ya dola milioni 350. Guns N' Roses, Slash na Duff McKagan waliporudi kwa Axl Rose mwaka 2016, walizunguka mpaka 2019 na kuvuka dola milioni 580.

Kwa hiyo mpwa wangu akiuliza wamerudi kuchukua nini, jibu la nusu ya kwanza ni hilo. Wamerudi kuchukua fedha za watu waliozeeka nao. Nusu ya pili ndiyo ngumu: je, fedha hizo zilikuwa za kijana?

Mfuko, jukwaa, sikio

Msanii anayeanza anahitaji vitu vitatu kutoka kwa watu: fedha ya mfukoni, nafasi ya kusimama, na muda wa kusikilizwa. Watu wakibishana juu ya bendi za zamani huvichanganya vyote, wakati kila kimoja kinaguswa kwa namna yake.

Mfuko kwanza. Tiketi za Oasis zilipoanza kuuzwa mwishoni mwa Agosti 2024, watu walikaa saa nyingi kwenye foleni ya mtandaoni wakitegemea tiketi ya kusimama ya pauni 150 hivi. Walipofika mbele wakakuta zimebaki za zaidi ya pauni 350. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza, na lililobainika ni kwamba tiketi za kusimama zilikuwa na madaraja mawili ya bei na wanunuzi hawakuambiwa hivyo mapema: ya chini ikiisha, inafunguliwa ya juu. Mtu aliyetoa pauni 350 kwa jioni moja hatarajiwi kwenda kumwona kijana asiyemjua kila Ijumaa ya mwezi huo. Sisi tunalijua hili kwa kipimo chetu. Msanii mkubwa kutoka Dar es Salaam akija Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya hapo kiingilio cha shilingi elfu tano kwa bendi ya mtaani kinaonekana kikubwa. Hata hivyo naliona hili la mfuko dogo kuliko linavyosemwa, maana wengi waliojaa Cardiff hawakuwa wakienda kwenye kumbi ndogo hata kabla ya hapo. Zile zilikuwa fedha za harusi na likizo kuliko za muziki.

Jukwaa ndilo linalonikera. Tarehe 31 Mei 1993 vijana wa Oasis, wasiojulikana, walisafiri kutoka Manchester mpaka Glasgow na kuomba wapige nyimbo chache kwenye ukumbi mdogo unaoitwa King Tut's Wah Wah Hut, unaoingiza watu 300 hivi. Ukumbini alikuwepo Alan McGee, mwenye kampuni ya kurekodi ya Creation. Akawasikia, akawataka. Historia yote ya bendi ile, pamoja na uwanja wa Cardiff, imetoka kwenye chumba cha watu 300 na nusu saa ya kuazimwa. Sasa tazama maonesho yao ya Uingereza ya mwaka 2025: waliofungua jukwaa kabla yao walikuwa bendi ya Cast na mwimbaji Richard Ashcroft, wote ni majina ya miaka ileile ya 1990. Ni wanamuziki wazuri na ni marafiki zao. Lakini ile nusu saa ya kuazimwa, safari hii wakiwa wao ndio wenye jukwaa, walipewa wenzao wa rika moja.

Na vyumba vya watu 300 vinafungwa. Music Venue Trust, taasisi inayotetea kumbi ndogo za Uingereza, ilihesabu kumbi 125 zilizoacha kupiga muziki mwaka 2023 peke yake. Kodi za nyumba, umeme na bia kupanda bei vimechangia kuliko bendi yoyote ya wazee. Ila maonesho makubwa yangeweza kusaidia. Kamati ya bunge la nchi hiyo ilipendekeza mwaka 2024 kwamba sehemu ya kila tiketi ya ukumbi mkubwa au uwanja ipelekwe kwenye kumbi ndogo, na Coldplay waliahidi kutoa asilimia 10 ya mapato yao kutoka maonesho ya Uingereza ya 2025. Hapo unaona kwamba dhambi haiko kwenye uzee. Mkubwa anaweza kulisha alikotoka.

Sikio nitalipita haraka, kwa sababu linajazwa hofu kuliko linavyostahili. Utasikia watu wakisema kwamba Marekani zaidi ya asilimia 70 ya muziki unaosikilizwa ni wa zamani. Takwimu hiyo ipo, lakini wahesabuji wake wanauita wimbo "wa zamani" ukishapita miezi 18. Wimbo wa bongofleva uliotoka mwaka juzi ungeingia kwenye kundi hilo pamoja na Beatles. Kinachoonekana humo ni kwamba watu hurudia nyimbo wanazozijua. Ndivyo walivyofanya hata bibi zetu, tofauti ni kwamba simu sasa inahesabu kila mara.

Huku kwetu kamba imekatikia upande mwingine

Yote hayo ni ya Uingereza na Marekani, nchi ambazo wazee wamejaa jukwaani mpaka vijana wanasukumwa ukingoni. Kosa la mpwa wangu, kama ni kosa, ni kuichukua hasira hiyo kutoka kwenye simu na kuivaa hapa Tabora, wakati sisi tatizo letu ni kinyume chake.

Mji huu ulikuwa na bendi. Kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Kulikuwa na Nyanyembe Jazz, iliyobeba jina la himaya ya Unyanyembe. Kulikuwa na Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, bendi iliyomtoa Shem Karenga, mtu wa Kigoma, na wimbo wake wa Dada Asha ambao mpaka leo ukipigwa baa mtu mzima anaweka chupa mezani. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1959 na baadaye kutamba na mtindo wa Saboso, ilianzishwa na Iddi Nhende wa Nzega, na jina lake lilitaja magharibi hii tuliyopo. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi muziki ulisafiri juu yake pande zote mbili.

Bendi hizo hazikurudi kumnyang'anya kijana yeyote chakula. Zilizimika, na kuzimika kwake kuna sababu unazoweza kuzigusa kwa mkono. Ya kwanza ni vyombo. Katika mfumo wetu, magitaa, spika na dramu vilikuwa mali ya klabu, ya chama cha wafanyakazi, ya shirika la umma au ya tajiri mmoja. Mwanamuziki akiondoka anaondoka na sauti yake na vidole vyake tu. Liam na Noel waligombana, na kila mmoja akaenda nyumbani na magitaa yake, na haki zake, na fedha zake. Mpiga solo wa Tabora alirudisha gitaa kwa mwenye gitaa. Unaungana upya na nini?

Sababu ya pili ni rekodi. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na santuri zenyewe zilikuwa zikichapwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977 na kufunguliwa tena mwaka 1983, katikati ikapita vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, nyuzi na vipuri vya spika vikawa kama dhahabu. Kilichofuata ni disko: mtu mmoja, mashine mbili, mshahara mmoja. Kwa mwenye ukumbi ilikuwa nafuu mno.

Mfano mmoja wa kurudi tunao, na unathibitisha hili la vyombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanamuziki wazee, Salum Zahoro wa Kiko Kids akiwemo, waliunda Shikamoo Jazz baada ya shirika la HelpAge, linaloshughulika na wazee, kuwasaidia kupata vyombo. Wakapiga, wakarekodi, wakasafiri mpaka Uingereza wakiwa na Bi Kidude. Wazee wale hawakukosa hamu wala ufundi kwa miaka yote waliyokaa kimya. Walikosa magitaa. Jina walilojipa nalipenda kuliko jina lolote la bendi nchini. "Shikamoo" ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, nao wakaibandika mlangoni, kila kijana anayeitaja bendi yao akawa ameshaamkia.

Sasa weka picha mbili pamoja. Uingereza, mzee wa roki akirudi anaondoka na mamilioni na kijana anabaki nje. Tanzania, mwaka 2013, Muhidin Maalim Gurumo, sauti ya NUTA, ya Mlimani Park, ya nusu karne nzima, alistaafu muziki akiwa hana gari, na aliyempa gari alikuwa Diamond Platnumz, kijana wa bongofleva mwenye asili ya Kigoma. Gurumo alifariki mwaka uliofuata. Lile lilikuwa tendo la heshima, na sitaki kulipunguza hata kidogo. Lakini linaonesha fedha zilikaa upande gani. Mpwa wangu anaogopa wazee watakaokuja kula sahani yake, katika nchi ambayo mzee alipewa sahani na kijana.

Havana na Lusaka

Je, wazee wa huku wakirudi kweli, muziki mpya utapata nini? Hapa mifano inayofaa inatoka kwenye nchi zinazofanana na yetu kuliko Uingereza.

Mwaka 1996 Nick Gold wa Uingereza na mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder walikwenda Havana, Kuba, kurekodi wapiga magitaa wa Mali pamoja na Wakuba. Wamali hawakufika. Studio ilikuwa imeshakodiwa, wakakusanywa wazee: Ibrahim Ferrer, aliyekuwa akipiga viatu rangi, Rubén González, mpiga piano asiye na piano, Compay Segundo, aliyezaliwa mwaka 1907. Siku chache za kazi zikazaa albamu ya Buena Vista Social Club, ikatoka mwaka 1997, ikapata tuzo ya Grammy, ikauzwa kwa mamilioni. Wengi wanaamini ni bendi ya zamani iliyorudi. Bendi hiyo haikuwahi kuwepo kabla. Jina ni la klabu iliyokwisha kufungwa zamani.

Kwa wazee wale ilikuwa haki iliyochelewa, nami nafurahi waliipata wakiwa hai. Kwa vijana wa Havana ilikuwa mzigo. Miaka ileile kumbi za mji huo zilikuwa zikitikiswa na timba, muziki mpya wenye kasi na maneno ya mtaani, wa bendi kama NG La Banda. Dunia haikutaka kuusikia. Mtalii alikuja na albamu moja kichwani, akakaa mgahawani, akaomba nyimbo zilezile, na kijana mwenye diploma ya muziki akavaa kofia ya majani na kupiga alichopiga babu yake, kwa sababu ndicho kilicholipa. Wazee hawakula chakula cha vijana. Wanunuzi ndio walioamua kwamba Kuba ina umri mmoja tu. Hatari hii ndiyo ningeiogopa Tabora, kuliko ile ya Cardiff.

Lusaka ilikwenda tofauti. Kwa watu wa Kigoma, Zambia ni jirani wa ziwa: MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, kwa miaka mingi ilipakia watu Kigoma na kuwashusha Mpulungu. Huko Zambia, miaka ya 1970, Rais Kaunda alipoagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, vijana wa migodi ya shaba walichukua magitaa ya umeme wakatengeneza roki yao, inayoitwa Zamrock. Bendi kubwa kuliko zote iliitwa W.I.T.C.H., na mwimbaji wake ni Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukaanguka nao, na UKIMWI ukawapitia wanamuziki wa kizazi kile mmoja baada ya mwingine. Jagari akabaki, akawa mchimbaji wa vito.

Watu wa nje walipoanza kuchapa upya santuri zile, Jagari alirudi jukwaani. Asingeweza kuwarudisha wenzake, maana wengi walikuwa makaburini, kwa hiyo alisimama na vijana. Mwaka 2022 alishirikishwa kwenye albamu ya Sampa the Great, mwanamke wa kufokafoka aliyezaliwa Zambia mwaka 1993. Mwaka 2023 W.I.T.C.H. wakatoa albamu mpya, ya kwanza baada ya karibu miaka 40, iliyorekodiwa Lusaka, na Sampa yumo, pamoja na waimbaji wengine vijana wa Kizambia. Nyimbo ni mpya. Ukizisikiliza, huwezi kumtoa mzee ukabaki na wimbo, wala huwezi kumtoa kijana.

Tofauti ya Havana na Lusaka ni nani aliyesimama katikati ya jukwaa mzee aliporudi. Kama nafasi za ndani ya bendi zimeshikwa na vijana, mzee anaposhuka kuna kitu kinabaki juu.

Solo la pili

Nasema "nafasi za ndani" kwa makusudi, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Wimbo wa zamani wa dansi ukiusikiliza kwenye simu, unasikia mwimbaji, unasikia solo, unasikia kwamba mwishoni umechemka. Usichokisikia vizuri ni kati: solo la pili na rithimu, magitaa mawili yanayoongea chini ya solo, moja likiuliza na jingine likikatisha. Kwenye rekodi za zamani magitaa yote yamebanana mahali pamoja. Kijana anayejifunza kwa sikio anaokota solo, kwa sababu liko juu, halafu anaweka ngoma ya kompyuta chini yake, na anashangaa kwa nini wimbo hauchezeki. Wimbo unaweza kuhifadhiwa kwenye kanda. Mazungumzo yale ya katikati yanakaa kwenye vidole vya watu, na vidole hivyo hapa Tabora vimebaki vichache.

Kuna mzee mmoja Ng'ambo anayetengeneza redio, ambaye zamani alipiga solo la pili. Sitamtaja jina, hakuniruhusu. Nilimpeleka mpwa wangu Jumapili moja. Kijana alimwamkia, mzee akaitikia, akatazama lile gitaa la nyuzi tano, akauliza waya wa sita uko wapi. Akafungua droo ya meza yenye vipande vya redio, akatoa waya mwembamba, akaufunga. Haukuwa waya wa gitaa. Ulilia.

Mpwa wangu akacheza kwenye simu biti aliyoitengeneza juu ya kipande cha solo la wimbo wa zamani. Nilitegemea mzee akasirike, au asifie kwa adabu. Akauliza: "Hiki kipande umemwomba nani?" Kijana akanyamaza. Ni swali halali. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo wimbo wa miaka ya 1970 bado una mwenyewe, awe yeye au watoto wake. Nasema hivi kwa sababu ndiyo nusu nyingine ya jibu la "tunakula wapi". Kijana akirekodi na mzee, au akaomba ruhusa kwa familia, kuna wimbo unaoweza kuuzwa popote bila woga. Akikata kipande kimyakimya, wimbo ukipata bahati, bahati hiyo itakuja na barua ya wakili.

Kuhusu kumbi, nilimwambia tulipokuwa tukirudi kwa miguu: hapa hakuna jukwaa ambalo wazee wamelikalia. Majukwaa yamekaliwa na spika na mshereheshaji. Harusi zetu, maulidi yetu, sherehe za mavuno ya tumbaku kule Urambo, nyingi zinapigiwa muziki wa kwenye kompyuta. Bendi ya vijana wanne na mzee mmoja itapata mwaliko ambao vijana wanne peke yao hawaupati, kwa sababu baba wa bwana harusi atataka kusikia Segere Matata saa mbili usiku, na rafiki za bwana harusi watataka chao saa tano. Kiingilio kimoja, vizazi viwili. Kule Cardiff wasingehitaji mpango huo. Sisi tunauhitaji mwezi huu.

Hakukubali yote. Alisema mzee akiwa kwenye bendi atataka kila kitu kipigwe kama zamani, na Havana itatokea hapahapa. Nikamwambia ana haki ya kuogopa hilo, na dawa yake ni yeye kuleta nyimbo zake mwenyewe mezani.

Jumapili iliyofuata alizileta. Mzee alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, akaomba gitaa, akapiga vidole vitatu vya rithimu chini ya biti, polepole, akarudia mara nne. Kisha akampa kijana gitaa, yeye akashika la kuazima tulilokuwa tumepata kanisani.

"Shika hapo, usiondoke," akamwambia. "Mimi ndiye nitakayetembea."

Walianza. Baada ya muda kidogo mzee akanyanyua mkono kumsimamisha.

"Unakimbia, mwanangu. Anza tena."